Nyumba Niliyosema Imehesabiwa

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chakula kinanishinda. Ilikuwa mchana wa kiangazi pale Mbarara. Nimesimama mlangoni pa nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, na mtu wa kwetu ananiuliza swali dogo tu kuhusu rangi iliyokuwa ukutani. Nilimjibu kwa maneno mawili. Hayakunitoa jasho, wala sikuyafikiria mara mbili, na mimi ndiye nimeyabeba mpaka mvi hizi unazoziona. Kaa nikueleze. Simu iweke chini, itakungoja.

Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini wakati wa vita na kuingia Uganda, shule yetu ya kwanza huku ilikuwa Kabazana, pale wakimbizi wanapoandikishwa kabla hawajapewa kiwanja. Tulilala kwenye jumba refu, familia baada ya familia, kitenge kimetundikwa katikati kuwa ukuta. Blanketi, turubai, sufuria, hata sabuni, vyote vilikuja kwa njia moja tu: kuhesabiwa. Baadaye tukapewa kiwanja Juru, sehemu nyingine ya kambi hiyohiyo, tukalima maharage na mahindi, na huko nako mambo yakawa yaleyale. Watu wa kuhesabu walikuja na kopo la rangi, wakaandika namba au alama kwenye mlango wa kila nyumba waliyoikuta na watu. Siku hiyo mama yangu, mwanamke asiyemwogopa mtu, alifagia uwanja mara mbili na kutukataza hata kwenda kuchota maji. Ukikosa siku ya kuhesabiwa, unabaki kuwatazama wenzako wakipanga mstari wa unga. Kwa hiyo rangi mlangoni kwetu ilikuwa heshima. Ilimaanisha kwamba hawa wapo, wanajulikana, wana haki yao. Shika hilo, mwanangu, maana bila hilo hutaelewa ujinga wangu, na ubaya wangu uliofuata hutauelewa kabisa.

Jembe na mimi hatukupatana. Nilikuwa kijana wa hasira za karibu na mdomo mrefu, na nikiambiwa palilia huku, napalilia kule. Nikaenda Mbarara kubeba matofali kwenye majengo ya watu. Nilichanganya mchanga na sima, yaani saruji, mpaka viganja vikawa vigumu, nikajifunza kushika timazi, nikawa fundi. Watu wakaanza kuniita Fundi Yosia, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele. Nikanunua parseli, kiwanja chembamba, kwenye mtaa wa chini, kule ambako maji ya mvua ya mji mzima hupita kwenye mfereji kwenda mto Rwizi.

Kiwanja kile kilitosha vyumba viwili. Mimi nikataka vitatu. Nilikuwa natafuta mchumba, na nilijiambia wakwe hawawezi kumpa binti mtu wa vyumba viwili. Nyuma ya kiwanja ulikuwepo ule mfereji wa mji. Nikalaza magogo ya mkaratusi juu yake, nikamwaga zege, nikajenga chumba cha tatu hapo juu, mfereji unapita chini yake. Ramani sikuwa nayo. Kibali sikuwa nacho. Mtu mmoja aliponiuliza habari ya kibali nilimcheka machoni. Juru nani aliomba kibali? Unapiga udongo, unaezeka, unalala. Sikujua kwamba mji una macho yake, na hata kama ningeambiwa, sidhani kama ningesikia.

Basi siku moja akaja bwana mmoja wa manispaa, shati limenyooka, ana daftari, na nyuma yake kijana wake ameshika kopo la rangi nyekundu. Moyo wangu ukafurahi! Nikasema, haya, hata mjini sasa wametukumbuka. Nikamletea kiti. Nikakimbia dukani kumnunulia soda. Alizunguka nyumba, akachungulia mfereji, akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari. Kisha akachora mistari miwili mirefu iliyokatana, ukutani, kando ya dirisha.

"Boss," nikamwambia, "andika kubwa kubwa, ionekane na barabarani."

Yule bwana alinitazama muda mrefu. Sijui alidhani namdhihaki au nimerukwa na akili. Akaniachia barua ya Kiingereza, akaenda zake bila kumaliza soda.

Jirani yangu alikuwa Tumwine, Mnyankore, fundi viatu, mtu mwema mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Nilimpelekea ile barua anisomee huku nikijisifu kwamba nimehesabiwa. Aliisoma, akanitazama, akaanza kucheka. Halafu akaacha kucheka.

"Sebo, bwana wangu, wewe hapana jua hii?" akasema. "Hii si kuhesabu. Hii ni kuvunja. Wanasema umejenga juu ya mfereji ya mji, na nyumba yote haina plan. Mvua ya Septemba ikikuta bado, wanakuja kuangusha."

Lo! Aibu niliyoipata, mwanangu, siwezi kukusimulia yote. Kumbe nilikuwa nimemnunulia soda mtu wa kunibomolea! Nilienda mpaka Juru kumweleza mama yangu. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanipa pole, kisha akaniambia nibomoe kile chumba kabla hawajaja. Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshikwa na hasira. Kubomoa kazi ya mikono yangu mwenyewe? Watu watanionaje? Hapo ndipo wazo baya lilipoingia, kwamba nitaiuza, na atakayenunua ataonana nao mwenyewe.

Wenyeji hawakununua. Walikuwa wakiiona ile rangi kutoka barabarani, wanatabasamu, wanapita. Nilishinda wiki tatu nikizungushwa, na kiangazi kinakwenda. Ndipo nikasikia kanisani kwamba kuna mtu wa kwetu, mfugaji, anatafuta nyumba Mbarara kwa haraka na ana pesa zake mkononi.

Aliitwa Baba Riziki. Alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, na hakutembea bila fimbo yake ya kuchungia. Mke wake, Mama Riziki, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari wa Mbarara alitaka kumwona kila wiki, na kutoka Juru mpaka hospitali ni kupanda gari la mizigo juu ya magunia, huku mwanamke anashika kifua. Mara mbili alikuwa amelala kwenye uwanja wa hospitali juu ya mkeka, kwa kukosa pa kufikia. Baba Riziki akauza ng'ombe wake wote. Wote, mwanangu. Unajua mfugaji wa kwetu akiuza ng'ombe wa mwisho amefika wapi.

Alikuja na mkewe kuiona nyumba. Mama Riziki aliingia kila chumba polepole, anashika ukuta. Akakipenda kile cha nyuma, kwa sababu hakina kelele za barabara. Mimi nikasema ndiyo, hicho ndicho kitulivu. Tukatoka nje. Baba Riziki akasimama mbele ya ile rangi nyekundu, akaielekeza kwa fimbo.

"Na hii alama?" akaniuliza. "Balisha kuhesabu?" Yaani, wameshaihesabu?

Nataka uelewe jambo moja. Mtu yule alitoka Juru kama nilivyotoka mimi. Alisimama pale pale niliposimama, akaisoma ile rangi vilevile nilivyoisoma. Katika Mbarara nzima hakuna mtu aliyejua vizuri kuliko mimi kilichokuwa kichwani mwake wakati ule. Na nilikuwa na nafasi ya kusema. Tumwine alikuwa amekaa pale ng'ambo na viatu vyake, lakini Kiswahili chetu cha Kongo hakukisikia vizuri, na mimi nikashukuru kwamba hakukisikia.

"Balisha," nikamjibu. "Balisha kuhesabu."

Akamgeukia mkewe, uso umefunguka kabisa. "Umesikia, Mama Riziki? Tunapata nyumba yenye balisha kuhesabu." Mama Riziki akapiga makofi mawili madogo, akasema aksanti Yesu.

Tuliandikiana kwenye daftari, mashahidi wawili wa kanisani wakatia sahihi. Nilipotaja mwenyekiti wa mtaa, nikitaja kwa midomo tu, Baba Riziki mwenyewe akakataa. "Tuko bandugu," akasema. "Mambo ya muhuri itatuchelewesha, na mugonjwa hangoji." Nikafurahi mno. Mwenyekiti angejua, na mwenyekiti angesema. Wiki ile ile nikahamia chumba cha kupanga na kununua pikipiki ya kubebea abiria, nyekundu, mpya, nailoni bado iko kwenye kiti.

Nikaipanda mpaka Juru kumwonyesha mama. Nilimchukulia blanketi zito, lile la maua, kwa sababu magoti yalimsumbua wakati wa baridi. Alikuwa amekaa kibarazani na ungo, anachagua maharage. Alifurahi, akazunguka pikipiki, akapiga honi mwenyewe. Kisha akakaa tena na ungo wake, akaniuliza nani amenunua, nikamwambia. Akaendelea kuchagua.

"Na kile chumba cha mu mufereji, ulisha kukibomoa?"

"Hapana, Mama. Niliuza vile vile."

"Baba Riziki anajua?"

"Hakuuliza vizuri."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Aliuliza namna gani?"

Nilijaribu kuzunguka. Nikasema mnunuzi ana macho yake. Nikasema alikuwa na haraka, alitaka kutoa pesa yote siku moja, sikumlazimisha, hata kwenda kwa mwenyekiti alikataa yeye mwenyewe. Nikasema nyumba nzuri vile, vyumba vitatu, mabati mapya. Mama aliniacha niseme yote. Ndivyo alivyokuwa, alikuacha umalize kamba yako.

"Nimekuuliza: aliuliza namna gani?"

Nikamwambia. Nikamwambia na jibu nililompa. Nilipolitamka lile neno mbele yake sauti ilinipotea katikati, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na mara ya tatu nikaona machozi yananitoka, mtu mzima mwenye pikipiki.

"Sikia, Yosia," mama akasema. "Kama ungemwambia uwongo mwingine, ningesema wewe ni mwizi, na bezi beko mingi, Mungu anabasamehe. Lakini wewe ulijua vile anaisoma ile rangi, juu wewe pia uliisoma vile. Ule ujinga tuliupata pamoja hapa. Ulikuwa wetu. Wewe ukauchukua ukaufanyia biashara." Akakunja lile blanketi la maua, akalifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. "Ulimutia neno mu masikio. Enda ukalitoe. Wewe mwenyewe, kwa mudomo yako."

Ungedhani nilienda siku hiyo. Aa-a! Niliondoka nimenuna. Nilijiambia mama ni mtu wa shamba, hajui mji. Nikabeba abiria siku nne nimekunja uso, namgombeza kila mtu, mpaka mama mmoja mwenye ndizi akaniambia bora atembee kwa miguu. Siku ya tano, asubuhi, upepo ukabadilika, na upande wa kusini mawingu yakaanza kusimama. Fundi anajua mawingu. Nikaona mfereji wangu akilini, umejaa, unasukuma yale magogo. Nikawasha pikipiki kabla sijajiruhusu kufikiri.

Nilipofika mtaa wa chini nilizima injini, nikashindwa kushuka. Baba Riziki alikuwa amepaka nyumba yote chokaa. Yote, kutoka msingi mpaka chini ya mabati, nyeupe inaumiza macho. Lakini pale kando ya dirisha alikuwa ameizungukia ile alama nyekundu kwa uangalifu, brashi haikuigusa hata kidogo. Na ili ionekane vizuri, alikuwa ameichorea fremu ya rangi ya buluu, pembe nne zimenyooka. Sijawahi kuona kazi safi namna ile kwa mtu ambaye si fundi. Mwanangu, nililia juu ya ile pikipiki kabla hata hajatoka.

Akatoka, akanifurahia. Alitaka niingie ninywe chai. Mama Riziki alikuwa chumba cha nyuma, kitandani, akaniita kwa jina akaniuliza hali ya mama yangu. Nikabaki nimesimama uwanjani. Nilihisi nikiingia ndani nitakunywa ile chai na sitasema tena.

"Baba Riziki," nikasema, "ile alama si ya kuhesabu. Ni ya kubomoa. Chumba cha nyuma kiko juu ya mufereji wa serikali, na nyumba haina ramani. Mvua ikianza banakuja kuiangusha, na kama bao banachelewa, maji itaiangusha mbele bao bafike."

Akaitazama ile fremu yake ya buluu.

"Wewe ulijua lini?"

"Mbele ya wewe kuja."

"Ile siku nilikuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Ningependa angenipiga. Fimbo alikuwa nayo, na nilikuwa nimesimama karibu. Yeye aliuliza kitu kimoja tu: tuna muda gani wa kumtoa mkewe kwenye kile chumba. Nikaingia, tukambeba pamoja na godoro lake, tukamleta chumba cha mbele. Mama Riziki hakuelewa, akawa anatushukuru njia nzima. Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko yote.

Nikamwambia nitauza pikipiki, nitamrudishia kila kitu, yeye aende zake. Hapo ndipo alipopandisha sauti mara ya kwanza na ya mwisho. "Niende wapi? Ng'ombe zangu batu balisha kuzichinja. Utanirudishia ng'ombe? Mugonjwa wangu alale tena mu uwanja wa hopitali?" Akapumua. "Nilinunua nyumba. Ninataka nyumba."

Sawa, nikajiambia. Basi atapata nyumba. Nikakaza roho, mwanangu, na nakuambia tangu siku ile sijapata kukaza roho namna ile kwa jambo lingine lolote, hata kuoa. Tulikwenda wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasema kosa langu mbele yake na mbele ya Tumwine, kwa Kiswahili cha kusikika na kila mtu. Mwenyekiti alinikaripia nusu saa. Kutoka hapo tukaenda manispaa, na nani nikamkuta? Yule yule wa shati lililonyooka.

"Wewe si ule aliniambia niandike kubwa kubwa?" akasema. Nikasema ndiye mimi. Akaficha mdomo kwa daftari, lakini alipotazama uso wa Baba Riziki akaacha mzaha. "Sikiliza, fundi. Ile chumba ya nyuma lazima itoke yote, na magogo itoke. Hizi mbili za mbele ziko kwa kiwanja. Kama mtu anachora plan, mnaleta hapa tunaangalia, zinaweza kubaki. Lakini mvua isikute ile kitu."

Pikipiki ikaenda. Ilimlipa mchoraji wa ramani, ikanunua matofali na sima ya ukuta mpya wa nyuma, na kilichobaki nikampa Baba Riziki kwa ajili ya chumba alichokosa. Kubomoa nilibomoa peke yangu. Nilitoa mabati, nikapiga ukuta kwa nyundo kubwa, tofali nililolipanga kwa majivuno nikalitupa kwa mkono uleule. Tumwine alitaka kunisaidia, nikamkatalia. Baba Riziki alikaa kwenye kiti, anatazama, siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu nilivunja zege, magogo yakaonekana. Akainuka. Akaja na fimbo yake, akaichomeka kwenye gogo la katikati, lile lililokuwa chini ya kitanda cha mkewe. Fimbo ilizama mpaka katikati. Gogo lote lilikuwa limeoza, ni unga mtupu ndani.

Akaichomoa fimbo, akaifuta kwenye majani. Akaingia ndani kukaa na mkewe. Mimi nikashuka mferejini, nikaegemea ukuta wa mawe.

Ukuta mpya niliumaliza mawingu yakiwa yameshashuka vilimani. Ramani ikapokelewa. Yule bwana wa manispaa alikuja, akatazama, akaikwangua ile alama mwenyewe, na mara hii alimaliza soda yake. Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya pili yake, mchana, na maji ya mji mzima yakapita mferejini nyuma ya nyumba, yakaenda zake. Nyumba ikasimama. Vyumba viwili, vidogo, halali.

Nikaenda kumuaga Baba Riziki. Nikanyoosha mkono, nikamwambia, "Ndugu yangu, sasa tumemaliza?"

Alinipa mkono. Hakuwa mtu wa kumnyima mtu mkono. "Nyumba nimepata," akasema. "Aksanti. Lakini ule ndugu yangu wa kwetu, ule nilikuja kununua kwake, bado ninamutafuta."

Mama Riziki aliishi kwenye nyumba ile miaka mingi, akienda hospitali kwa miguu yake, anapumzika mara moja tu njiani. Nilikuwa nikipita pale kila mara. Nilitengeneza paa lao bure, nikachimba choo chao, nikasimama kwenye arusi ya Riziki. Na kila mara Baba Riziki alinisalimia kwa adabu: "Mambo gani, Fundi." Fundi ni jina zuri, nimelifanyia kazi. Lakini wengine wote wa kwetu aliwaita ndugu, na mimi nilikuwepo, nikasikia.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana haya ndiyo niliyokuitia. Siku utakapouza nyumba, au kiwanja, au hata mbuzi, mtu akija na pesa mkononi na haraka miguuni, usidhani haraka yake imekupa ruhusa. Mara nyingi mwenye haraka amesukumwa na shida, na mwenye shida hana muda wa kukuchunguza. Kwa hiyo mchunguzie wewe. Mpeleke kwa mwenyekiti, hata akikataa. Mpeleke kwa jirani asiyekupenda. Mwonyeshe barua uliyoandikiwa na manispaa, msomee kwa lugha ya kwao. Kama kuna kosa kwenye nyumba, lirekebishe kwanza, au liseme kwa sauti na upunguze bei. Na akikuuliza swali, usijibu lile swali alilouliza tu. Jibu lile ambalo angeuliza kama angejua unayoyajua wewe. Hapo ndipo mimi nilipoanguka. Kujua kwake kuliishia Juru, nami nikakaa pale mpakani nikamfungia njia.

Na ukishakosa, usikae siku nne kama mimi. Rudi siku hiyohiyo, na usinywe chai kabla hujasema. Nyumba utaitengeneza, mikono ipo, matofali yapo. Kile kingine sijui kinatengenezwa na nini. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, na sijui.

Mungu wa baba zetu, aliyetuvusha tukiwa hatuna kitu, akupe nyumba yako mwenyewe mahali pa halali. Akupe mkono usiotetemeka unapotia sahihi, na mdomo usiotaka kujificha nyuma ya lugha. Na kila mtu atakayenunua kwako akuite ndugu mpaka siku zako za mwisho. Nenda kwa amani, mwanangu.